Tundu la Chumba cha Marehemu

Sehemu ya tisa

Simu ya marehemu iliita mara nne, kisha ikapokelewa.

Ninyi mlioniandikia wiki nzima mkiniuliza ni nani kaipokea, haya, tulieni sasa. Valmai mwenyewe alikuwa hajui. Alisimama katikati ya ofisi ya redio ya kijiji cha Walyarra, simu kaibana sikioni. Mwenye namba ile alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na walimzika miezi mitano iliyopita yeye akiona kwa macho yake.

"Haloo," sauti nzito ilisema. "Nani huyo anayenipigia wakati wa mpira?"

Pumzi zikamrudia. "Mjomba Rex?"

"Sasa ulitaka awe nani? Ni wewe, Nangala? Mbona unahema hivyo, unakimbizwa?"

Nangala ni Valmai huyohuyo, kwa jina la kundi lake la kuzaliwa.

Kumbe! Vitu vya marehemu havikai kwa watu wa nyumbani kwake. Blanketi, buti, shoka, vyote hupelekwa kwa wajomba, mbali, macho yasivione. Simu nayo ilikwenda hivyohivyo, kilomita mia tano mpaka mji wa Tennant, na Mjomba Rex hakubadilisha hata namba. Valmai alikuwepo siku ya kugawa, lakini kwa majonzi aliyokuwa nayo hakukumbuka kitu kidogo kama simu.

"Mjomba, nisikilize vizuri. Nina shida kubwa."

"Kafa nani tena?"

"Hajafa mtu. Ni ile seva. Ile mashine ya mtandaoni yenye picha na nyimbo zetu zote."

"Ahaa, ile mashine ya..." Mzee alijikatiza kabla jina halijamtoka. "Ya Kumunjayi."

Kumunjayi ndivyo tunavyomwita aliyetutoka, mpaka miaka ipite na jina lake liweze kutamkwa tena bila kumchoma mtu. Kwa hiyo msiniulize kaka yake Valmai aliitwa nani. Hata mimi silitaji.

Valmai alimweleza mbiombio. Programu inayoendesha ile seva ina tundu. Walioitengeneza wamelitangaza wenyewe dunia nzima, na wametoa kiraka cha kulizibia. Asiyeziba, mtu yeyote aliyekaa popote anaweza kupenya bila ufunguo akachukua hata vilivyofungiwa. Valmai kaambiwa jana tu, na mwenzake wa redio ya jirani. Na ndani ya seva ile mna chumba kilichofungwa: nyuso na sauti za marehemu wote wa Walyarra, zimewekwa kando mpaka familia zenyewe ziseme sasa basi, fungueni. Sauti ya kaka yake imo humo.

"Mtu akiiiba akaisambaza," Valmai alisema, "mama ataisikia ikitoka kwenye kila simu hapa kijijini. Mjomba, mama hajala vizuri tangu mazishi. Itamuua."

Upande wa pili kelele za mpira zikazimwa.

"Unataka nini kwangu?"

"Nikijaribu kuingia, seva inatuma tarakimu sita kwenye simu hiyo. Wewe unisomee tu."

"Hizo ndizo zinazonisumbua tangu asubuhi? Nimezifuta zote! Nilidhani matapeli."

"Usifute tena, mjomba, tafadhali! Zinakuja sasa hivi. Soma haraka, nusu dakika tu zinakufa."

"Subiri miwani."

"Mjomba!"

"We binti, bila miwani nitakusomea nini, ukuta?"

Mara ya kwanza miwani haikuonekana. Ya pili ilionekana, lakini mzee akaanza kusomea mwisho. Ya tatu alisoma kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira, tarakimu mojamoja, na skrini mbele ya Valmai ikabadilika. Kufuli la kwanza likafunguka.

"Nimeingia! Mjomba, Mungu akupe maisha."

"Ameshanipa mengi, angempunguzia mwingine," mzee alijibu. Kisha sauti yake ikashuka. "Ila siku nyingine usinipigie ghafla hivi, mwanangu. Nilijifanya sijui ni nani, kumbe hapa umetokea kwa herufi kubwa kama alivyokuandika yeye. 'Dada mdogo.' Nimekaa nikiyatazama maneno hayo mpaka ikaita mara nne."

Mzee alikohoa, akasema mkia wake wa kangaruu unaungua motoni, akakata.

Mnaodhani Valmai kashinda, mmefurahi mapema. Kuingia ni jambo moja, kubandika kiraka ni jingine. Mashine ilimtaka neno la siri la mkuu wake, na mkuu wake alikuwa mmoja tu, Kumunjayi mwenyewe.

Mtasema, si achomoe waya? Waya wenyewe uko mji wa mbali, Adelaide, kwenye ghala la kampuni inayopangisha mashine. Valmai akawapigia. Akaiweka simu kwenye spika ili mikono iendelee na kazi, na hilo ndilo kosa la kwanza la siku ile. Dirisha lilikuwa wazi. Nje barazani alikaa mama yake, Bibi Napangardi, anatunga shanga za mbegu kama kila siku saa ile.

"Naitwa Gareth, nikusaidie nini?"

"Nataka mzime seva yetu. Sasa hivi."

"Naweza, dada, ila lazima nipate idhini ya mwenye akaunti. Hebu nione... nizungumze na Bwana..."

Akalitaja. Jina zima, mpaka la ukoo, kwa sauti ya kuita foleni.

"Nyamaza!" Valmai alipiga ukelele.

"Samahani?"

"Usilitaje! Ametutoka!"

Huko nje mbegu zilimwagika sakafuni. Zikafuatiwa na kilio chembamba ambacho Valmai alikuwa akikisikia kila alfajiri kwa miezi mitano.

"Pole sana," Gareth alisema, amechanganyikiwa. "Sikujua. Basi nitumie cheti cha kifo na fomu yenye jina lake kamili, na ndani ya siku kumi za kazi..."

"Siku kumi! Kwani sasa hivi wanaobisha ni wangapi?"

Vidole viligonga kibodi huko Adelaide. "Tangu asubuhi, mara mia nne na zaidi. Hao si watu, ni mashine, zinajaribu kila mlango duniani. Bado hawajaijua njia ya kufika kwenye vitu vyenu. Lakini, dada, kwa nini hamkuziba? Kiraka kilitoka wiki nane zilizopita. Sisi wenyewe tumewaandikia mara kumi na moja."

"Mlimwandikia nani?"

"Mwenye akaunti."

Valmai hakuhitaji kuuliza barua hizo zilikwenda wapi.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu walipokuwa hawawezi hata kuikaribia ofisi, yeye ndiye aliyejikaza akaingia peke yake. Aliliondoa jina la kaka yake kila mahali. Kwenye kibao cha mlangoni. Kwenye orodha ya wafanyakazi. Kwenye ratiba ya vipindi. Akafunga na sanduku lake la barua pepe, jina lisije likamtokea mtu ghafla kwenye skrini. Wazee walimsifu. Walisema Nangala kamsitiri kaka yake vizuri. Kumbe maonyo yote kumi na moja yaligonga kwenye sanduku alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi nilidhani namheshimu," alisema.

"Unasema?" aliuliza Gareth.

Valmai alikata simu, akatoka barazani. Mama yake alikuwa amepiga magoti anaokota mbegu bila kuziona.

"Nani yule aliyemwita mwanangu?"

"Mzungu wa Adelaide, mama. Hajui."

"Amemwita kama anamwamsha," Bibi Napangardi alisema, akafuta macho kwa kiganja. "Kidogo niitike mimi."

Valmai alimkumbatia. Mfupa mtupu, jamani. Mama huyu alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi dukani.

"Nenda nyumbani ukapumzike, mama. Kaka zangu nao wanakuja."

"Umewaita?"

"Imenibidi. Wao ndio wenye amri juu ya kile chumba."

Hao walikuwa watoto wa baba yake mkubwa, watu wawili wakali wa desturi, na walikuwa njiani tangu asubuhi. Valmai alitaka wakifika wakute tundu limezibwa. Ikiwa halijazibwa, angewaambia nini? Kwamba onyo lilikuja wiki nane zilizopita akalifungia mwenyewe?

Kulibakia mtu mmoja tu. Kaka yake aliwahi kumwambia, siku moja wakinywa chai: nikipatwa na jambo, neno la siri analo mke wangu. Valmai aliitia kompyuta kwapani akakimbia kwenye nyumba ya wajane, ambamo mama yake naye ana chumba, akimwacha mama nyuma na fimbo yake, hatua kwa hatua.

Nungarrayi, wifi yake, alikaa peke yake katika chumba cha mwisho, kichwa kimenyolewa. Tableti ilikuwa mapajani. Alipomwona Valmai mlangoni akaigeuza kifudifudi.

Mwanamke huyu zamani alikuwa hanyamazi. Yeye na mumewe walikaa miaka kumi pamoja kwenye nyaya za redio ile, wakibishana, wakitaniana, wakirekodi. Sasa alikuwa na miezi mitano hajatoa neno. Mjane wetu hasemi mpaka ndugu za mume waje wamfungue mdomo, na hao ndugu ndio haohao waliokuwa njiani. Kwa sasa aliongea kwa mikono, kama wajane wote wa nyumba ile, na Valmai aliisoma mikono hiyo tangu utoto.

"Wifi, nisamehe kuingia hivi. Naomba neno la siri la seva. Kuna tundu."

Mikono ikasema: "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Wiki nane."

"Ulijuaje, wifi?"

Nungarrayi aliigusa tableti. Waliotengeneza programu ile walikuwa wakimtumia na yeye matangazo yao, kwani alijiandikisha zamani, mumewe akiwa hai. Onyo lilimfikia siku ileile lilipotoka. Alilisoma mpaka mwisho, hata mahali palipoelezwa tundu linavyofanya kazi.

"Na ukakaa kimya!" Neno lilimponyoka Valmai, na mara akaona aibu, maana kukaa kimya ndiyo hukumu aliyokuwa nayo. "Namaanisha... mikono unayo, wifi. Ungeniambia. Haya, yamepita. Nipe neno la siri."

"Hapana."

"Umesema?"

Mikono ilirudia polepole, asije akadai hakuona. "Sikupi."

"Wewe una akili kweli? Huyo ni mumeo! Unataka wahuni wa dunia wamchezee sauti yake? Unataka mama aisikie akinunua unga dukani?" Valmai alipiga magoti, akaifungua kompyuta, akamgeuzia skrini. "Tazama! Hizi ndizo kumbukumbu za mlango. Kila mstari ni mtu kabisha. Huyu, kakataliwa. Huyu, kakataliwa. Huyu, kakataliwa. Huyu..."

Kidole chake kilisimama.

Huyu hakukataliwa.

Alirudi juu. Jana pia, saa nane mchana, mmoja hakukataliwa. Juzi, saa nane mchana. Wiki iliyopita yote. Kila siku wakati wajane wengine wamelala, mtu mmoja kapita kwenye tundu, kaingia chumba kilichofungwa, kachukua faili moja tu, lilelile, na kutoka. Na anwani yake haikuwa ya nchi za mbali. Ilikuwa ya hapahapa Walyarra. Ya leo ilikuwa na dakika ishirini tu.

Valmai aliinua macho. Kutoka chini ya ile tableti iliyolazwa kifudifudi ulikuwa unachungulia waya wa kusikilizia.

"Ni wewe," alinong'ona.

Nungarrayi hakukana. Uso wake ulijikunja na machozi yakaanza kushuka bila sauti yoyote, maana hata kulia kwa sauti alikuwa amejinyima humo ndani. Mikono yake ilisema kwa ishara ndogo kama mnong'ono, Valmai akalazimika kuisogelea ili aisome.

"Anatengeneza feni ya studio. Alisahau kuzima kinasa sauti. Anacheka. Anaikaripia skrubu. Ananiita nilete chai."

"Basi?"

"Basi. Dakika sita."

"Wifi..."

"Nilikuwa nimeanza kuisahau. Uso ninao. Sauti ilikuwa inakwenda. Nikiilazimisha, inakuja ya mtu mwingine." Alijigonga kifuani. "Hapa kimya. Hapa kimya. Kila mahali kimya. Neno la siri bila zile tarakimu za simu halinifikishi popote. Halafu likaja tangazo linasema kuna tundu."

Valmai alitaka kukasirika akashindwa. Aliketi chini kando yake, wakalia wote wawili, mmoja kwa sauti na mwingine bila. Mmoja alikuwa ameyafungia maonyo kwa heshima, mwenzake akalificha tundu kwa mapenzi, na katikati yao mlango umekaa wazi wiki nane.

Mistari iliendelea kupanda kwenye skrini. Valmai aliitupia jicho.

Zile mashine za mbali zilikuwa zimeacha kubisha ovyo. Zimelipata tundu. Sasa zilikuwa zinakisia majina ya vyumba, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa alfabeti, bila haraka na bila kuchoka. Zimefika M. Jina la chumba kilichofungwa linaanza na P.

"Wifi, wameingia! Wanapapasa vyumba! Neno la siri, haraka!"

Nungarrayi alisoma skrini. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa. Aliweka mkono juu ya kibodi, akauondoa. Kisha akainua kidole kimoja.

"Mara moja. Ya mwisho."

"Hakuna muda!"

"Ukiziba, sitamsikia tena mpaka watakapofungua chumba. Huenda miaka saba. Huenda kumi. Nitakuwa mzee, Valmai. Sitajua tena kama ni yeye."

Jamani, mngefanya nini ninyi? Kaka zake walikuwa njiani. Mama yake alikuwa njiani. Wezi walikuwa M. Valmai alifikiri hayo yote kwa mara moja, na juu yake akaufikiria ule mkono wa kaka yake ulioandika "Dada mdogo".

"Sikiliza," alisema. "Sikiliza mara ya mwisho. Ila mimi nisisikie."

Aligeukia ukuta akaziba masikio kwa viganja. Faili lile halikuwa lake, wala ruhusa aliyoitoa haikuwa yake kuitoa. Na asikudanganye mtu kwamba hakutamani. Alitamani mpaka meno yakamuuma. Alimpenda kaka yake kabla huyu mke hajamjua, na kitu kilichokuwa hatua mbili nyuma yake ni kicheko chake. Alikaza viganja, akahesabu.

Dakika moja. Mbili.

Alichungulia skrini kwa pembe ya jicho. N.

Dakika tatu. Nne. Alichungulia tena. O.

"Wifi," alisema bila kugeuka. "Wifi, basi. Nakuomba."

Dakika ya tano aliguswa bega. Nungarrayi alikuwa amezivua zile nyaya masikioni kabla faili halijaisha. Macho yalikuwa mekundu. Alimsogeza Valmai kando, akaivuta kompyuta, akaandika neno la siri mwenyewe. Lilikuwa refu kama sala. Valmai hakulitazama. Kidole kikashuka juu ya kitufe cha mwisho, na aliyeziba lile tundu, tuandikiane ukweli, alikuwa mjane mwenyewe.

Maandishi yalikimbia. Yakasimama. Yakakimbia tena. Seva ikazima, na kwa pumzi nne hapakuwa na kitu kabisa, si mlango wala chumba. Kisha ikawaka upya na kiraka chake.

Mstari wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa wale wa mbali. Wamefika P. Wamekataliwa.

Wa pili, wamekataliwa. Wa tatu, wamekataliwa.

Valmai aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana. Nungarrayi aliigeuza tableti, akabofya kama alivyozoea. Ikamjibu kuwa hana ruhusa. Aliitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu, kisha akaizima na kuifunika kwa kitambaa kama mtu anavyofunika maiti.

"Pole, wifi yangu," Valmai alisema. "Pole sana."

"Nani alikuwa anamsikiliza mwanangu?"

Wote wawili waliruka. Mlango ulikuwa wazi, na kizingitini alisimama Bibi Napangardi, fimbo mkononi, vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa amefika muda gani, Mungu ndiye ajuaye.

"Mama..."

"Nimekusikia, Valmai. Umesema, sikiliza mara ya mwisho. Nimesimama hapa nje kama mwizi nyumbani kwangu. Nani alikuwa anamsikiliza?"

Valmai alisimama. Alijua mjane akigundulika kuwa kavunja chumba cha mumewe mwenyewe, ndani ya matanga, hao wanaume wawili hawatamfungua mdomo mwaka huu wala mwaka ujao. Watamwacha na kimya chake mpaka azeeke nacho. Dada wa marehemu atasemwa vibaya, atatengwa kidogo, mwisho atasamehewa. Hesabu ilikuwa rahisi.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nimeingia mimi. Nimeshindwa kuvumilia."

"Hapana."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Valmai aligeuka huku na huku kutafuta imetoka wapi, kwa sababu chumbani mlikuwa na watu watatu tu na mmoja wao alikuwa haongei.

Nungarrayi alikuwa amesimama, mikono imeshuka ubavuni.

"Hapana, mama," alisema tena. "Ni mimi. Kila siku. Wiki nane."

Valmai alijifunika uso. Hakuna aliyemfungua. Hakuna ndugu aliyefika, hakuna chakula kilichotolewa, hakuna mkono uliomgusa midomo. Kajifungua mwenyewe, mbele ya mama wa mumewe, na kosa juu ya kosa.

Wakati huohuo nje gari lilipiga breki kwenye changarawe. Injini ikazima. Milango miwili ikafungwa kwa kishindo, na sauti za wanaume zikasikika zikiwasalimu wajane barazani, zikiuliza Nangala yuko wapi.

Bibi Napangardi hakugeuka. Alimtazama mkwe wake, kile kichwa kilichonyolewa, ile midomo iliyokauka, tableti iliyofunikwa kitambaa. Valmai alisubiri kilio. Alisubiri fimbo inyanyuke.

Bibi kizee aliingia ndani, akausukuma mlango kwa kisigino, akauegemea kwa mgongo wake wote. Nyayo za buti zilikuwa zinakuja kwenye ushoroba. Alipoongea aliongea kwa kunong'ona, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto mwenye njaa.

"Wanaingia sasa hivi. Sema upesi, mkwe wangu, maadamu umeshasema. Alikuwa anasema nini mwanangu?"